Kihenge na Soko: Historia ya Mazao ya Asili kwa Ushahidi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo msemaji wa Kiswahili huyatamka kila siku bila kuyahoji ni neno nafaka. Kwa msemaji wa leo, nafaka ni mtama, uwele, ulezi, mpunga, mahindi na ngano. Katika Kiarabu, ambako Kiswahili kililipata neno hili, nafaqa si punje ya aina yoyote. Ni matumizi, na hasa yale matumizi ambayo sheria ya Kiislamu inamwajibisha mume kuwatimizia mkewe na watoto wake: chakula, mavazi na makazi. Neno lilipovuka bahari lilipunguza upana wa maana yake. Kati ya yote yanayoitunza nyumba, Waswahili waliliacha libaki na lile lililokuwa kubwa kuliko mengine machoni mwao, yaani punje zilizomo kihengeni.

Mabadiliko haya ya maana yanafaa kukumbukwa wakati huu ambapo mazao ya asili ya Afrika yamerudi kuzungumzwa kwa heshima. Tangu miaka ya 1990, watafiti, serikali na makampuni wamekuwa wakiwahimiza wakulima wadogo wa Afrika Mashariki walime na kuuza mtama, uwele, ulezi, kunde, njugu mawe na mboga kama mnavu na mgagani. Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele, ulezi na mtama. Tumaini linalotangazwa ni kwamba mkulima atapata fedha na wakati huohuo familia yake itapata uhakika wa chakula. Ikumbukwe kuwa istilahi uhakika wa chakula inatumika hapa badala ya usalama wa chakula, kwa sababu hii ya pili humfanya msomaji afikirie chakula kisicho na sumu, ilhali suala lenyewe ni kama chakula kitakuwapo, kitatosha na kitafikiwa na kila aliye nyumbani, mwaka mzima.

Je, kuuza mazao haya ni jambo jipya? Na je, mauzo huilinda nyumba au huiondolea chakula? Mhadhara huu unajaribu kuyajibu maswali haya kwa kutumia msamiati wa Kiswahili kama ushahidi wa kihistoria, ukisaidiwa na akiolojia na maandishi. Hoja yake ni kwamba mazao ya asili yalikuwa chakula na bidhaa kwa pamoja tangu kale. Kwamba kuyatenganisha mazao ya chakula na mazao ya biashara ni matokeo ya utawala wa kikoloni. Na kwamba kilichoilinda nyumba ni utaratibu wa kuanza na kihenge ndipo soko lifuate, pamoja na swali la nani mwenye kauli juu ya kihenge hicho.

2.0 Mazao ya asili ni yapi?

Isimu historia ina mchango wake mahususi hapa. Maneno kunde na njugu yana mizizi iliyoenea katika lugha nyingi za Kibantu, na wanaisimu huirejesha mizizi hiyo hadi lugha-mame ya kale. Ni muhimu kutambua kwamba njugu iliyotajwa na wahenga hao haikuwa karanga. Karanga asili yake ni Amerika Kusini, na ilifika Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao. Njugu ya kale ni ile inayoitwa leo njugu mawe. Mgeni alipofika, alichukua katika maeneo mengi jina la mwenyeji, na mwenyeji akalazimika kuongezewa kivumishi ili atambulikane.

Mzizi wa neno uwele nao umefuatiliwa na wanaisimu, akiwamo Koen Bostoen, hadi miongoni mwa wasemaji wa Kibantu wa Afrika ya Kati, na mbegu za uwele za karne za mwisho kabla ya Kristo zimechimbuliwa kusini mwa Kameruni. Uwele ulianza kulimwa katika ukanda wa Saheli, Afrika Magharibi. Mtama una ushahidi wake wa kale zaidi mashariki mwa Sudan, ambako ulikuwa tayari umeanza kufugwa, kwa maana ya kilimo, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Ulezi ni zao la nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Uganda. Kazi ya David Schoenbrun kuhusu eneo la Maziwa Makuu, iliyochapishwa mwaka 1998, ilionesha jinsi msamiati wa kilimo unavyoweza kusomwa kama kumbukumbu ya mikutano ya jamii zilizobadilishana mbegu pamoja na majina yake.

Tofauti na maneno haya, mahindi yanatangaza ugeni wake kwa jina. Jina hilo huhusishwa na Uhindi, ingawa mmea wenyewe ulitoka Amerika. Kwa watu wa pwani, kitu kilichofika kwa jahazi kutoka upande wa bahari kilikuwa cha Kihindi. Muhogo nao ulitoka Amerika, lakini umezoeleka kiasi kwamba wakulima wengi hawaukubali kuwa ni mgeni. Mbaazi, ambazo mwambao huzipika kwa nazi, asili yake ni Bara Hindi. Kwa hiyo neno asili linatumika kwa maana mbili. Kwa mtaalamu wa mimea, zao la asili ni lile lililoanza kulimwa Afrika. Kwa mkulima, zao la asili ni lile ambalo babu na bibi walilima, mbegu yake huhifadhiwa nyumbani, na upishi wake haufundishwi na bwana shamba. Mhadhara huu unaanzia maana ya kwanza, lakini hauipuuzi ya pili, kwa sababu ndiyo inayoamua kitakachopandwa mvua ikinyesha.

3.0 Nafaka kama masurufu na kama bidhaa

Maandishi ya kale yanathibitisha kuwa mtama ulikuwa chakula cha mwambao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Al-Masudi, aliyesafiri katika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba chakula kikuu cha Wazanji kilikuwa mtama pamoja na mmea unaochimbwa ardhini. Akiolojia imeyatia nguvu maneno yake. Utafiti wa mabaki ya mimea uliochapishwa mwaka 2016 na Alison Crowther na wenzake ulionesha kuwa katika maeneo ya pwani ya bara, kati ya karne ya 8 na ya 10, nafaka za Kiafrika zilitawala, ilhali Komoro ilikuwa na mpunga na choroko za Kiasia. Huko Pemba, Sarah Walshaw alionesha kwamba wakazi walikula zaidi uwele kabla ya kugeukia mpunga kadiri miji na Uislamu vilivyostawi, hasa baada ya karne ya 11. Wali ukawa chakula cha wageni na cha sherehe; uwele ukabaki chakula cha kila siku, kisha ukarudi nyuma.

Ushahidi wa Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, una uzito wa pekee kwa wanafunzi wa Kiswahili. Alisema kuwa watu wa Mombasa hawakulima nafaka kisiwani kwao. Chakula chao kilikuwa zaidi ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kutoka Sawahili. Mara nyingi sentensi hiyo husomwa ili kutafuta mipaka ya nchi iliyoitwa Sawahili. Inafaa pia isomwe kama habari ya uchumi. Katika mojawapo ya maandishi ya zamani yanayolitaja jina ambalo lugha hii inaitwa kwalo, Waswahili wanaonekana wakiwa wakulima wanaouza nafaka kwa mji usiolima. Biashara ya nafaka basi haikuletwa na mkoloni wala na mradi wa maendeleo.

Msamiati wa vipimo unaeleza jinsi biashara hiyo ilivyoendeshwa. Kibaba kilikuwa kipimo kidogo cha ujazo; vibaba vinne vilifanya pishi moja; pishi 60 zilifanya jizla moja. Wasafiri wa karne ya 19, akiwamo Richard Burton aliyeingia bara mwaka 1857, walieleza kuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku ndicho kilichokuwa posho ya kawaida ya mpagazi. Ikieleweka hivyo, methali haba na haba hujaza kibaba haizungumzii wingi usio na kiasi. Kibaba ni ulaji wa mtu mmoja kwa siku moja. Methali inamhusu anayeokoteza hadi leo yake itimie. Jizla, kwa upande mwingine, haikuwa kipimo cha jikoni. Kilikuwa kipimo cha mfanyabiashara na cha jahazi. Lugha ilikuwa na ngazi ya vipimo kutoka mdomo wa mtu hadi shehena, na nafaka ileile ilipanda ngazi hiyo.

Si sahihi hata hivyo kuupamba wakati huo. Malindi iliyofufuliwa katika miaka ya 1860, chini ya Sultani Majid, iligeuka kuwa ghala la mtama uliosafirishwa hadi Uarabuni. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1977, ameeleza kuwa mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mtama huo ulikuwa zao la asili, uliuzwa kwa wingi na ulipata bei nzuri. Lakini waliouotesha hawakuwa na kauli juu yake. Utumwa ulipofutwa katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, mashamba hayo yalikuwa tayari yanadhoofika. Fundisho la Malindi ni kwamba zao kuwa la asili hakutoshi kumshibisha anayelilima.

Katika nyumba za wakulima huru wa bara hali ilikuwa nyingine. Nafaka iliwekwa kwenye kihenge, yaani chombo kikubwa kilichosukwa kwa fito au matete na mara nyingi kukandikwa udongo, au darini juu ya meko ambako moshi uliwafukuza wadudu. Kilichouzwa kwa misafara, au kilichopelekwa gulioni, kwa kawaida kilikuwa ziada. Neno gulio lenyewe linabeba mzizi wa kale wa Kibantu wenye maana ya kununua, mzizi ambao Kiswahili kimeuacha katika kitenzi chake cha kawaida lakini lugha nyingi za bara bado zinao. Akiba, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya mwisho au matokeo ya jambo, likapata katika Kiswahili maana ya kile kilichowekwa kwa ajili ya mwisho huo. Ulezi ulistahili sana jina hilo, kwani punje zake ndogo haziliwi kwa urahisi na wadudu na zinaweza kukaa miaka kadhaa bila kuharibika. Aliyesema akiba haiozi huenda hakuwa akizungumza kwa mafumbo.

4.0 Shamba linagawanywa

Utengano wa zao la chakula na zao la biashara uliingia kwa amri. Mnamo mwaka 1902, serikali ya Kijerumani chini ya Gavana von Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika sehemu za kusini mwa Dar es Salaam. Wakulima walitakiwa kulima pamba hiyo kwa siku zilizopangwa, kwa malipo duni, wakati mashamba yao wenyewe yalipohitaji mikono. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Vita hivyo vilipozimwa mwaka 1907, silaha iliyoua wengi kuliko bunduki ilikuwa njaa, kwa kuwa majeshi yalichoma mashamba na kuteketeza maghala. Makadirio ya wanahistoria hutofautiana, na baadhi yanafikia vifo vya watu 250,000 hadi 300,000.

Baada ya hapo lugha ya utawala ilizoea kulipanga shamba la Mwafrika katika mafungu. Pamba, kahawa, katani na karafuu vilikuwa mazao ya biashara. Vilikuwa na bei rasmi, wakaguzi na barabara. Mtama na uwele vilikuwa chakula tu, jambo lililohesabiwa kuwa la wanawake na la nyumbani. Muhogo ukapewa nafasi ya tatu: zao la kinga ya njaa, lililolimwa chini ya sheria ndogo zilizomlazimisha kila mkulima kuwa na kipande chake. Mpangilio huu ulifanya zao liingie katika fungu moja tu, ilhali katika jizla na kibaba nafaka ileile ilikuwa katika yote mawili.

Njaa iliyoitwa Mtunya, iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, ilionesha udhaifu wa nyumba iliyonyang'anywa akiba yake. Gregory Maddox ameeleza kuwa ukame peke yake hauielezi njaa hiyo. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Wagogo walikuwa wakulima hodari wa uwele na mtama, mazao yanayostahimili uchache wa mvua. Zao lilistahimili jua. Halikuweza kustahimili kihenge kufunguliwa na mwingine.

Wakati huohuo mahindi yalikuwa yakisonga mbele. Nchini Kenya yalilimwa na walowezi kwa ajili ya soko, na yakawa chakula cha vibarua katika mashamba, reli na miji. Historia ya neno posho inaifuata njia hiyo. Katika msafara wa karne ya 19, posho ilikuwa mgawo wa nafaka yoyote, pengine mtama. Katika kambi ya vibarua, mgawo ulikuwa unga wa mahindi. Leo nchini Uganda posho ni jina la chakula chenyewe, yaani ugali wa mahindi. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ya Kenya iliweka udhibiti rasmi wa biashara ya mahindi, na baada ya uhuru mbegu chotara zilizozalishwa Kitale zilianza kusambazwa mwaka 1964. Mahindi yakawa na utafiti, mbegu, mbolea, bei na bodi. Mtama haukuwa na lolote kati ya hayo.

Zipo pia sababu ambazo mkulima mwenyewe alizipima. Mtama na uwele huliwa na ndege, na lazima walindwe. Kiswahili kina kitenzi kuamia, yaani kuwalinda ndege wasile mazao, na nomino dungu, yaani jukwaa lililoinuliwa shambani ambapo mlinzi huketi. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Elimu ya msingi kwa wote ilipotekelezwa Tanzania katika miaka ya 1970, watoto waliondoka dunguni wakaenda darasani, kama ilivyostahili. Hindi, lililojifunika kwa maganda yake, halikuhitaji mtoto wa kuliamia. Wanafunzi wengi wa leo huenda hawalijui neno dungu, na sababu ya kutolijua ni sehemu ya historia ya mahindi.

Uhuru haukuufuta mgawanyo huo mara moja. Baada ya upungufu mkubwa wa chakula wa miaka ya 1973 na 1974, Tanzania iliendesha kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Katika nusu ya pili ya muongo huo, bei rasmi za mtama, uwele na muhogo zilipandishwa ili kuhimiza mazao yanayostahimili ukame. Wakulima waliitikia, lakini Shirika la Usagishaji la Taifa lilijikuta na shehena ambazo wakazi wa mijini, waliokwisha kuzoea unga mweupe, hawakuzihitaji. Bei ilikuwapo, walaji hawakuwapo. Haikutosha kumwambia mkulima auze, kama ladha ya mjini ilikuwa imekwisha kufundishwa kudharau alichonacho.

Dharau hiyo ilikuwa na jina lake. Kienyeji, kutokana na mwenyeji, kilipaswa kuwa kivumishi cha heshima, kwa maana mwenyeji ndiye mwenye mahali. Lakini katika lugha ya ukoloni wenyeji walikuwa ndio watawaliwa, na kienyeji kikawa kinyume cha kisasa: mbegu za kienyeji, dawa za kienyeji, mboga za kienyeji. Neno lililomtaja mwenye nyumba likawa neno la kumwonesha kuwa amebaki nyuma.

5.0 Kurudi sokoni

Mabadiliko ya karibuni yanaonekana katika neno hilohilo. Kuku wa kienyeji leo huuzwa ghali kuliko kuku wa kisasa, na mboga za kienyeji zimefuata njia hiyo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na taasisi ya kimataifa ya rasilimali za kijenetiki za mimea ziliendesha kazi ya kukusanya, kutafiti na kuzitangaza mboga za asili. Patrick Maundu na wenzake walichapisha mwaka 1999 kitabu kuhusu mimea ya chakula cha asili nchini Kenya. Profesa Mary Abukutsa-Onyango alionesha kwa utafiti wa miaka mingi ubora wa mboga hizi kwa lishe na kwa mkulima. Huko Tengeru, Arusha, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimekuwa kikiboresha mnavu, mchicha na ngogwe tangu miaka ya 1990. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya uhifadhi.

Soko la mboga hizi limeathiri pia Kiswahili. Kamusi zina mnavu na mgagani. Mama mboga wa Nairobi huuza managu, neno la Kikuyu, na mteja wake Mjaluo huziita osuga. Mgagani huuzwa kwa jina la Kikalenjin sageti, kwa jina la Kijaluo dek au kwa jina la Ekegusii chinsaga. Mchicha mara nyingi ni terere. Kila jina lilifika mjini na fungu la mboga kutoka kwa wakulima fulani. Mhariri wa kamusi anaweza kuyaona maneno haya kuwa ya mitaani, lakini ni ushahidi wa uchumi unaoishi, na yakiachwa nje ya kamusi historia hii itaandikwa ikiwa na pengo.

Mboga zinaisaidia nyumba kwa namna yake. Hukomaa baada ya wiki chache, huchumwa mara kwa mara, na mchumaji huamua asubuhi hiyo kiasi gani kiende sokoni na kiasi gani kiingie chunguni. Fedha zake ni ndogo lakini za mara kwa mara, na kwa kawaida hupita mikononi mwa mwanamke. Hatari huja pale mboga zinapokuwa na faida kubwa. Catherine Dolan, aliyetafiti Meru katika miaka ya 1990, alieleza jinsi bustani zilizokuwa za wanawake zilivyotwaliwa na waume baada ya maharagwe mabichi ya kusafirishwa Ulaya kuanza kulipa vizuri. Maharagwe hayo si zao la asili, lakini onyo linahusu zao lolote: soko linapopanda, mwenye kauli anaweza kubadilika bila shamba kubadilika.

Kisa cha mtama wa bia kinafundisha jambo jingine. Kampuni ya East African Breweries ilizindua mwaka 2004 bia ya bei nafuu ya Senator Keg, iliyosamehewa ushuru ili kuwaondoa wanywaji kwenye pombe haramu zenye sumu. Baadaye kampuni ilianza kununua mtama wa aina ya Gadam kutoka kwa wakulima wadogo, wengi wao wa maeneo makavu ya mashariki mwa Kenya. Zao lililodharauliwa likapata mkataba na mnunuzi wa uhakika. Mwaka 2013 serikali ikarejesha nusu ya ushuru. Mauzo ya bia hiyo yakaporomoka, na mahitaji ya mtama yakaporomoka nayo. Msamaha mkubwa wa asilimia 90 uliporejeshwa mwaka 2015, soko lilianza kufufuka. Mkulima hakuwa amebadilisha chochote shambani. Hata hivyo aliyelima mtama alikuwa na faida moja ambayo mkulima wa pamba wa mwaka 1902 hakuwa nayo: mtama usionunuliwa unaweza kusongwa ugali au kupikwa uji. Faida hiyo hubaki mradi aina iliyopandwa inapendwa jikoni, na mradi familia haijasahau upishi wake.

Suala la mwisho ni wakati wa kuuza. Wakulima wengi huuza mara baada ya mavuno, bei ikiwa chini, ili kulipa ada za shule na madeni. Miezi michache baadaye hununua nafaka kwa bei ya juu. Huuza kwa gunia, pengine la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo kwa faida ya mnunuzi. Kisha hununua kwa kopo, kisado au gorogoro. Ngazi ya kibaba na jizla ingalipo, ila sasa mkulima huteremka nayo kwa hasara. Utafiti wa Marshall Burke na wenzake magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2019, ulionesha kuwa wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliweza kuyahifadhi mahindi yao na kuyauza baadaye kwa faida zaidi. Uhifadhi wenyewe umekuwa mgumu. Mdudu dumuzi, aliyeingia Tanzania kutoka Amerika ya Kati na kugunduliwa Tabora katika miaka ya 1970 ikielekea 1980, huyasaga mahindi na makopa ya muhogo kuwa vumbi. Baadhi ya wakulima wa Kenya walimpa jina la Osama. Anayemwogopa dumuzi huuza mapema. Hapa ulezi na nafaka nyingine ndogondogo zina ubora ambao bei ya soko haiuoneshi: zinaweza kungoja.

Serikali nayo imejenga maghala. Tanzania ilitunga mwaka 2005 sheria ya stakabadhi za maghala, na mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwa korosho mwaka 2007, umepanuliwa hadi mazao kama ufuta, choroko na mbaazi. Silo kubwa za Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula huitwa vihenge vya kisasa. Ni jina zuri, lakini linaficha mabadiliko makubwa. Kihenge cha kale kilikuwa uani, na mama wa nyumba aliweza kukigonga kwa kiganja na kujua kwa mlio wake kimebaki kiasi gani. Kihenge cha kisasa kinalilinda taifa, na kazi hiyo ni ya lazima; lakini hakichukui nafasi ya kile cha uani.

6.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa haiungi mkono wanaosema kwamba mazao ya asili yabaki chakula tu, wala wanaodhani kuwa kila kilo inayouzwa ni ushindi dhidi ya njaa. Nafaka iliuzwa Mombasa mwaka 1331, na iliuzwa kwa misafara. Iliuzwa pia Malindi kutoka mikononi mwa watu wasiokuwa huru. Katika hali hizi zote zao lilikuwa asilia. Kilichotofautiana ni kama mlimaji alipima kwanza vibaba vya nyumba yake ndipo akazihesabu jizla za soko.

Hivyo basi, mpango wowote wa kuwapatia wakulima wadogo soko la mtama, uwele au mnavu unapaswa kupimwa kwa mambo yanayoonekana nyumbani. Baada ya kuuza, kimebaki nini, na kitatosha hadi mwezi gani? Nani aliamua kiasi cha kuuzwa, na nani alizipokea fedha? Soko likifungwa kwa sababu ya kodi au amri ya mbali, je, zao hilo litalika? Mbegu ya msimu ujao imo nyumbani, au imekwenda na gunia? Maswali haya hayahitaji vyombo vya gharama. Yanahitaji mtafiti anayejua kuuliza kwa lugha ya mwenye shamba.

Kwa wanafunzi na wanazuoni wa Kiswahili, kazi iliyobaki ni kubwa. Maneno kama dungu, kuamia, pishi na kihenge, pamoja na majina ya aina za mtama na kunde yanayotofautiana kijiji kwa kijiji, yamo vinywani mwa wazee ambao hawatakuwapo daima. Kila jina la mbegu lina maelezo ya udongo wake, mvua yake na upishi wake. Jina likipotea, mara nyingi mbegu imekwisha kutangulia. Ukusanyaji wake usiachiwe wataalamu wa kilimo peke yao. Kiswahili kiliamua zamani kwamba nafaka ni jina la matunzo ya nyumba, na wale wanaoitafiti lugha hii wana wajibu wa kuieleza maana hiyo kwa wanaopanga bei.